Mwishoni mwa Desemba Kigoma na Ujiji: maswali tunayoulizwa zaidi

Watu wakirudi Kigoma kula sikukuu, simulizi za zamani hufufuka barazani: mara David Livingstone, yule mmisionari na msafiri, mara meli ya Mjerumani, mara dhahabu iliyofukiwa. Tumekusanya maswali yanayojirudia na kuyajibu kwa kifupi.

Ni kweli Livingstone aliondoka Ujiji mara tu baada ya Krismasi?

Ndiyo, tarehe 27 Desemba 1871, akiwa na Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta. Walishuka kusini kwa mitumbwi, kisha wakashika njia ya nchi kavu kwenda Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo. Wengi huamini kuwa Stanley alimrudisha kwao Uingereza. Ukweli ni kwamba Livingstone alikataa kurudi, na Machi 1872 wakaagana.

Je, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipiganwa hata katika Ziwa Tanganyika?

Ilipiganwa, na siku inayokumbukwa zaidi ni Jumapili, 26 Desemba 1915. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na kwa njia hiyo Wajerumani wakaleta meli na kulishika ziwa zima. Waingereza walijibu kwa kuleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa meli kutoka London hadi Cape Town. Kutoka hapo zilipanda treni, zikavutwa na ng'ombe na matrekta ya mvuke kuvuka milima ya Mitumba, huku Waafrika wengi ambao majina yao hayakuandikwa wakitengeneza barabara na madaraja. Hatimaye zilifika upande wa Kongo, karibu na mahali panapoitwa Kalemie leo.

Siku ile boti ya Wajerumani, Kingani, ilikaribia ufuko huo kupeleleza. Bunduki yake kubwa ilifungwa mbele na haikuweza kugeuka kupiga nyuma. Ili kumlenga aliye nyuma, ilibidi boti nzima igeuzwe. Mimi na Toutou, zikiwa na kasi zaidi, zikaitokea kwa nyuma. Baada ya dakika zipatazo 11, muda usiotosha hata kuivisha maharage, nahodha wa Kingani alikuwa ameuawa na boti imetekwa. Waingereza waliitengeneza, wakaiita Fifi, na Februari 1916 ikashiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann, meli nyingine ya Wajerumani.

Basi meli ya Liemba nayo ilizamishwa na Waingereza?

Hapana, ingawa kosa hili linaeleweka, kwa kuwa meli nyingine zilipotea vitani. Liemba, ambayo wakati huo iliitwa Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe tarehe 26 Julai 1916 walipokuwa wakirudi nyuma, ili isiangukie mikononi mwa adui. Mitambo waliipaka grisi nzito isishike kutu, na kwa sababu hiyo, baada ya kuinuliwa mwaka 1924, iliweza kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina jipya.

Na dhahabu ya Mjerumani?

Uvumi huu ni wa zamani, na wanaouamini si wajinga: Wajerumani waliondoka kwa haraka, na mtu akiondoka hivyo, majirani hujiuliza ameacha nini. Lakini shehena iliyotiwa ndani ya Götzen ili izame ilikuwa mchanga. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba kutafuta vitu vya kale bila leseni, yaani kibali cha maandishi cha Serikali. Anayekuuzia "ramani ya Mjerumani" anakuuzia karatasi.

Wavu umeleta chuma cha ajabu, kizito, chenye kutu na umbo la chupa. Tufanye nini?

Usikigonge, usikikwangue kutu, wala usikipeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Huenda ni kombora, yaani risasi kubwa ya mzinga yenye baruti ndani, na umri hauifanyi kuwa salama. Ondoa watoto, weka alama kwa mbali, kisha toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, au polisi kwa namba 112. Kutoa taarifa si kosa.

Tunataka kuvuka ziwa kuona mahali Kingani ilipotekwa.

Kalemie iko katika nchi nyingine, Kongo. Unahitaji pasipoti, mhuri wa Uhamiaji kabla ya kuondoka, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kile kitabu kidogo cha rangi ya njano. Desemba ni msimu wa mvua katika ziwa hili na upepo hubadilika ghafla, kwa hiyo dai jaketi okozi, vazi la kifuani linalokufanya uelee, na ulivae kabla chombo hakijang'oa nanga. Nahodha akisema leo hatuondoki, msimlazimishe. Ulizeni tu safari imesogezwa hadi lini na nauli yenu itashughulikiwaje.