Paka Jike au Paka Dume?

Umevuna mahindi yako. Umeyapukuchua na kuyatia katika magunia. Baada ya wiki chache unasikia kelele ghalani usiku. Asubuhi unakuta gunia limetobolewa na mahindi yamemwagika sakafuni. Panya wameingia! Wahenga walisema, "Paka akiondoka, panya hutawala." Nawe huna paka.

Paka wa jirani yako amezaa. Jirani anakuambia, "Njoo uchukue mmoja." Unakuta wamebaki wawili: jike na dume. Utachukua yupi? Fikiri vizuri. Paka akitunzwa anaweza kuishi miaka 12 au zaidi.

Jinsi ya kuwatambua

Paka wadogo hufanana. Inua mkia taratibu. Utaona matundu mawili. Kwa jike, matundu hayo yamekaribiana, na la chini ni kama mstari mfupi. Kwa dume, yameachana, na la chini ni duara dogo. Tena, paka mwenye rangi tatu, yaani nyeusi, nyeupe na ya machungwa, karibu kila mara ni jike.

Paka jike

Paka jike kwa kawaida hazururi mbali. Akiwa na watoto huwinda sana, maana huwaletea panya na kuwafundisha kuwinda. Lakini jike huzaa upesi. Akifika miezi 6 hivi anaweza kushika mimba. Mimba yake huchukua miezi 2 tu. Mara nyingi huzaa watoto 3 hadi 5, na anaweza kuzaa mara mbili au zaidi kwa mwaka.

Piga hesabu. Akizaa watoto 4 mara 2, utapata paka wapya 8 kwa mwaka mmoja. Nani atawalisha? Wasiopata mtu wa kuwatunza watazurura. Wataiba mboga jikoni na kukamata vifaranga vya majirani.

Paka dume

Paka dume hatakuletea watoto nyumbani. Huwa mkubwa, mwenye nguvu, naye pia huwinda panya. Lakini akikomaa hutembea mbali usiku akitafuta majike. Pengine hatarudi kwa siku kadhaa. Hupigana na madume wenzake na kurudi na vidonda. Tena hunyunyiza mkojo wenye harufu kali ukutani na mlangoni.

Daktari wa mifugo anaweza kukusaidia. Dume akihasiwa hupunguza kuzurura na kupigana. Jike naye anaweza kufungwa kizazi. Usijaribu kazi hii mwenyewe nyumbani.

Yupi basi?

Chukua jike kama unaweza kumfunga kizazi, au kama unao watu wa hakika watakaochukua watoto wake. Kama huna, chukua dume, naye ahasiwe.

Lakini ujike au udume peke yake haumfanyi paka awe mwindaji. Muulize jirani, "Mama yao hukamata panya?" Mtoto hujifunza kwa mama yake. Kwa hiyo usimchukue kabla hajatimiza wiki 8. Vuta kamba mbele yao. Anayeirukia ni mchangamfu. Tazama macho yawe safi, na tumbo lisiwe limevimba kwa minyoo.

Ukimfikisha nyumbani

1. Mpe chakula kidogo na maji kila siku. Watu wengine husema paka mwenye njaa ndiye huwinda vizuri. Si kweli. Paka mwenye njaa huhama.

2. Usiweke sumu ya panya. Paka akila panya aliyekula sumu anaweza kufa.

3. Akifika miezi 3, mpeleke kwa bwana mifugo au bibi mifugo achanjwe. Kichaa cha mbwa humpata paka pia, na kinaua watu. Mtu aking'atwa na paka, aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

4. Mama mjamzito asishike kinyesi cha paka. Kinaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto tumboni. Mtu mwingine akifukie, kisha anawe mikono kwa sabuni.

Kabla ya kwenda kwa jirani, kaeni pamoja nyumbani. Mkubaliane nani atamlisha paka, na fedha za daktari zitatoka wapi. Ukishapata majibu hayo, utajua uchukue yupi.

Maswali

1. Utamtambuaje paka jike akiwa bado mdogo?
2. Kwa nini paka dume hurudi nyumbani na vidonda?
3. Jike akizaa watoto 5 mara 2 kwa mwaka, watakuwa wangapi?
4. Kwa nini sumu ya panya na paka havikai nyumba moja?
5. Zungumzeni darasani: nyumbani kwako, yupi angefaa zaidi? Andika sentensi tatu ueleze sababu.