Saa ya Kompyuta Inapokosea

Siku hizi katika baadhi ya vyama vya msingi tarehe ya stakabadhi haiandikwi tena kwa mkono wa katibu, bali hutiwa na kompyuta. Saa ya mashine ikipotoka, kilo zitakuwa sahihi na tarehe itakuwa ya uongo. Mkulima aliyeleta pamba leo ataonekana aliileta miaka iliyopita, na jina lake huenda lisitokee katika malipo ya msimu. Hapo katibu hushukiwa wizi kabla mtu yeyote hajaitazama saa.

Kabla ya kurekebisha lolote, katibu na aandike saa imekosea kwa kiasi gani, maana kiasi hicho ndicho kinachofichua chanzo.

Mashine iliyozimwa jioni ikiamka na tarehe ya mwaka wa zamani, mara nyingi 1 Januari, yaelekea betri ya saa imekwisha. Hii ni betri ndogo ya duara mfano wa sarafu, inayoiendesha saa wakati umeme haupo. Katika kompyuta nyingi za mezani ni aina ya CR2032, yenye volti 3. Mashine izimwe, waya uchomolewe, na betri mpya ikae kama ile ya zamani ilivyokaa; kisha saa irekebishwe. Kompyuta ya mkononi afadhali ifunguliwe na fundi.

Dakika zikiwa sahihi na saa tu zimepotea, betri haina hatia: mashine imewekewa majira ya mahali pengine. Ikiwa nyuma kwa saa 3, inafuata majira ya kimataifa. Katika mipangilio yachaguliwe majira ya Nairobi, ambayo ndiyo ya Tanzania na Uganda pia. Kuisogeza saa kwa mkono hakufai, kwani ikikutana na intaneti huweza kurudia kosa lilelile.

Tofauti ya saa 6 huletwa na Kiswahili chenyewe. Mtu ameandika 2:00 kwa kuwa ni saa mbili asubuhi, kumbe mashine huhesabu tangu usiku wa manane na ilitaka 8:00. Tarehe yake sasa hubadilika saa kumi na mbili asubuhi. Hivyo chama kinachopokea maziwa alfajiri kitayaandika kuwa ya jana.

Stakabadhi zilizokwisha kutolewa zisifutwe. Namba zake za mfululizo zilinganishwe na daftari la mizani, tarehe ya kweli iandikwe kando, na katibu atie sahihi pamoja na mjumbe mmoja wa kamati.