Kulipia Haraka Visa ya Kazi ya Marekani: Anzeni na Majina

Ajenti mmoja wa Dar es Salaam alinipigia simu akitaka milioni tatu ili "asukume faili" la mdogo wangu kule Marekani. Nikamwomba namba ya risiti ya ombi, akakata simu. Mpaka leo linaniuma, maana hela hiyo ingetoka kwenye korosho za mama. Haraka ya kweli ipo, ni halali, na bei yake imebandikwa wazi. Nawaandikia ndugu zangu wa Mbwera na Kibiti yote wenye vijana ughaibuni.

Kwanza, jueni nani anaomba haraka hiyo. Ni mwajiri au wakili wake, kwa fomu I-907. Ajenti hahusiki. Mwaka 2024, mdogo wangu alipoombewa visa ya kazi ya H-1B, ada ya haraka ilikuwa dola 2,805, zaidi ya shilingi milioni 7. Ukishalipa, idara ya uhamiaji ya kule, USCIS, inapaswa kujibu ndani ya siku 15 za kazi, la sivyo inarudisha ada. Ada hupanda, kwa hiyo iangalieni kwenye tovuti yao. Mwajiri akitaka haraka kwa faida yake, alipe yeye. Mdogo wangu alilipa mwenyewe kwa sababu haraka ilikuwa ya kwetu: mama alikuwa anaumwa, naye alikuwa anahama kutoka visa ya mwanafunzi. Angetoka Marekani kabla ya jibu, ombi lake la kuhama lingehesabiwa kuwa ameliacha.

Jambo la pili ndilo nataka mlishike. Kujibiwa si kukubaliwa. Wanaweza kukataa, au kuandika barua ya kudai ushahidi zaidi. Barua hiyo ikitoka, hesabu inasimama, na mkishajibu siku 15 zinaanza upya. Sisi watu wa pwani tunaipata kirahisi kwa sababu ya majina. Pasipoti ya mdogo wangu ilisema Omari Salum, cheti cha digrii kikasema Omary Salumu. Kila karani aliandika alivyosikia.

Wakili wa mwajiri aliliona hilo, akasema tutume tu, wakiuliza tutajibu. Nikakataa. Siku 15 tunazinunua kwa milioni saba halafu tuzichezee? Nikasubiri maji yajae, nikapanda boti hadi Nyamisati, kisha gari hadi Kibiti, kwa wakili mwenye muhuri wa kamishna wa viapo, aandike kiapo cha majina. Kiapo kiandikwe kwa Kiingereza tangu mwanzo, maana cha Kiswahili kitadai tafsiri iliyothibitishwa. Aape ndugu mkubwa anayemjua kijana tangu kuzaliwa, niliapa mimi. Rasimu ya kwanza ilisema tu kwamba "majina yote ni ya mtu mmoja". Nikamrudishia. Nilitaka jedwali: hati, namba yake, jina lilivyoandikwa herufi kwa herufi, y ikiwa y na i ikiwa i, na chini yake ndiyo lije tamko. Akanung'unika, akachapa upya. Nikapiga picha kila ukurasa, muhuri ukionekana wote, nikamtumia mdogo wangu kabla sijatoka Kibiti, kwa sababu mtandao wa kwetu kwenye delta siuamini. Nakala inatosha, karatasi yenyewe nimeitunza.

Ombi likapita ndani ya muda, bila kuulizwa swali hata moja. Yule wakili wa mwajiri akaandika kuomba mfano wa jedwali letu awatumie wateja wengine. Nilifurahi sana.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: ada hii haifiki ubalozini. Aliyebadilishiwa visa akiwa Marekani, akija nyumbani lazima agongewe visa mpya kwenye pasipoti ndipo arudi kazini, na miadi ya ubalozi wa Dar es Salaam haihusiani kabisa na zile siku 15. Mdogo wangu alitafuta miadi kwanza, tiketi ikafuata. Waambieni vijana wenu wafanye hivyohivyo.