Tuzeeke Tukicheka Pamoja



Mtaa wa Umoja, Nairobi, ulijengwa katika miaka ya 1970. Wengi waliohamia humo wakiwa vijana wenye mtoto mmoja sasa ni babu na nyanya. Magorofa yamewazunguka, na wajukuu huzungumza Sheng wasiyoielewa. Mjukuu akiuliza, "Fomu ni gani?", yaani kuna mpango gani, babu hujibu kwamba alimaliza kidato cha nne. Nyumba nzima hucheka.

Je, babu naye anacheka? Hilo ndilo somo letu.

Kuna kucheka pamoja na kuna kuchekana. Mume akitafuta miwani iliyo kichwani pake, mke anaweza kusema, "Hata mimi jana nilitafuta funguo nimezishika mkononi." Hapo wamecheka pamoja. Lakini akiwaambia wageni, "Huyu siku hizi atasahau hata jina lake," amemchoma. Vivyo hivyo mume anayetania unene wa mkewe mezani. Mke atatabasamu, na wageni wakiondoka nyumba itakuwa kimya siku tatu. Wahenga walisema: Mzaha mzaha hutunga usaha.

Tukumbuke Vitimbi, katika televisheni ya KBC. Mzee Ojwang, yaani Benson Wanjau aliyefariki mwaka 2015, na Mama Kayai, yaani Mary Khavere, waliigiza mume na mke. Watazamaji wengi walidhani ni wanandoa wa kweli. Kiswahili cha Ojwang chenye lafudhi ya Kijaluo kilituvunja mbavu, lakini Mama Kayai naye hakukosa jibu. Utani ulikwenda na kurudi.

Maandiko pia yanatufundisha. Ibrahimu alicheka aliposikia kwamba atapata mtoto uzeeni (Mwanzo 17:17). Sara naye alicheka (Mwanzo 18:12). Mungu hakuwanyima baraka. Mtoto aliitwa Isaka, jina lenye maana ya "anacheka".

Basi tushike mambo haya:

1. Anza kwa kujicheka mwenyewe, ndipo umtanie mwenzako.

2. Ugonjwa, mwili na upungufu wa fedha visiwe mzaha mbele ya watoto au wageni.

3. Mwenzako asipocheka, usijitetee kwamba ulikuwa unatania. Omba msamaha kabla ya kulala.

4. Kusahau kukizidi, acheni kicheko, mwende pamoja kwa daktari. Utani usifiche ugonjwa.

Uzee utaingia nyumbani bila kubisha hodi. Anayeweza kuucheka akiwa ameshikwa mkono na mwenzake hatauogopa sana.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:

(a) Ni lini mara ya mwisho tulicheka pamoja, sisi wawili tu?

(b) Ni utani gani wangu unaokuumiza, ambao hujawahi kuniambia?