Dondoo muhimu: Saa 72 baada ya kubakwa

Kosa ni la mbakaji, si lako. Ukiwa Masasi au Newala:

- Wahi hospitali. Masasi kuna Mkomaindo na Ndanda; Newala kuna hospitali ya wilaya. Kijijini, anzia zahanati. Dawa za kuzuia VVU (PEP) huanzwa ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na humezwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba humezwa ndani ya siku 5.

- Usioge, usifue. Nguo ulizovaa zifunge kwenye khanga safi au mfuko wa kaki, si wa plastiki. Unyevu huharibu ushahidi. Umeshaoga? Nenda hivyohivyo.

- Polisi. Ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, upewe fomu ya PF3. Umeumia? Omba utibiwe kwanza, fomu ifuate.

- Ni mtoto? Piga 116, bure.

- Msiyamalize kifamilia. Ubakaji ni jinai. Fidia ya mbuzi au fedha za korosho haifuti kesi.

- Rudi kliniki upime tena VVU, na uombe unasihi. Nenda na mtu unayemwamini.