Mzee na Khabari Mbaya: Mazingatio kutoka Garissa na Wajir

Iko tabia iliyoenea katika miji yetu ya pwani ambayo yatupasa kuitazama kwa mazingatio. Mtu akishapita miaka sitini, na wanawe wakashika kazi, hupewa kiti barazani pamoja na redio yake, na siku hizi simu yake, akaambiwa: pumzika, umechoka. Basi toka alfajiri hata usiku huwa hana shughuli illa kusikiliza maafa ya dunia. Vita huku, njaa kule, watu wamezama. Moyo humjaa khofu na mikono haina la kufanya. Twaona huko si kupumzika bali ni namna ya kifungo, ingawa waliomfunga wamefanya hivyo kwa mapenzi.

Tumependa kuwatazama jirani zetu wa kaskazini mashariki, kwa kuwa wao khabari mbaya hawakuzisikia kwa mbali tu. Mzee wa Garissa mwenye zaidi ya miaka sabini alikuwa mtoto ilipotangazwa hali ya hatari mwaka 1963, akawa mtu mzima ilipoondolewa mwaka 1991. Katikati ya hapo aliuona mji ukichomwa moto Novemba 1980, na Februari 1984 zikamfikia khabari za mauaji ya Wagalla, karibu na Wajir. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 wakauawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Ukafuata ukame wa misimu mitano ya mvua mfululizo, na mwisho wa mwaka 2023 maji ya mto Tana yakaikata barabara ya kwenda Madogo.

Mtu kama huyu hana haja ya redio imfundishe khofu. Na redio yenyewe aipenda sana. Idhaa ya Kisomali ya BBC ilianza mwaka 1957, na wazee wa huko wameizoea kama sisi tulivyoizoea kahawa chungu. Lakini tofauti ni yale yafuatayo baada ya kusikia. Kwao khabari ya ugomvi wa malisho au ya mtu aliyeuawa hupelekwa mbele ya wazee. Huulizwa: nani aliyeileta, ni wa ukoo gani, je, aliona au alisikia? Na hivi ndivyo tulivyoamrishwa katika Suratul Hujurat, aya ya 6, kuichunguza khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Mzee anayepokea uvumi katika simu na papo hapo kuwapelekea watu hamsini hajafanya kazi ya uzee. Amefanya kazi ya upepo.

Tutazame yaliyotokea Wajir. Baada ya ukame wa miaka ya mwanzo ya 1990 koo zilipigana vibaya, hata sokoni mwanamke wa ukoo huu akawa hawezi kumwuzia wala kununua kwa mwanamke wa ukoo ule. Walioanza kuamka ni wanawake, miongoni mwao marehemu Dekha Ibrahim Abdi, aliyepewa mwaka 2007 ile tuzo ya Right Livelihood. Waliweka walinzi wao sokoni ili kila mwanamke auze kwa amani, kisha wakawaendea wazee. Aliyetangulizwa kusema mbele ya wenziwe alikuwa mzee wa ukoo mdogo kuliko zote. Nguvu hakuwa nayo, wala bunduki nyingi nyuma yake, na kwa sababu hiyo hapana aliyeweza kumshuku kwamba ataka kutawala. Mwaka 1993 wazee wakatoa Azimio la Al-Fatah, na mapigano yakapungua.

Hapa twaona jambo ambalo aghlabu hatulizingatii: mzee hawezi kuamua baina ya watu ikiwa ulimi wake uko katika mkono wa mtu mwingine. Kwa hiyo kujitegemea kwake si kiburi, ni sehemu ya amana. Garissa wako mama wazee wauzao maziwa ya ngamia, na wako wanaume wenye vipande vya shamba la migomba na miembe kandoni mwa Tana. Tangu mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii huwapa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo ni chache, na aghlabu huchelewa, lakini ni zake. Basi mwana mwema na amwachie mzazi wake kitambulisho chake, simu yake na namba yake ya siri. Akitaka kumsaidia, amsomee. Kumshikia kila kitu ni kumwondoa katika hisabu ya walio hai.

Mwaka 2001 wazee wa Garissa, Wajir na Mandera walikutana Modogashe, njiani baina ya Garissa na Wajir, wakaandika masharti juu ya dia, silaha, wizi wa mifugo na malisho. Sharti moja lasema kwamba atakaye kuingiza mifugo katika malisho ya wengine hana budi kwanza kupata idhini ya wazee wa mahali pale. Kijana mwenye ngamia mia na kiu kali humlazimu asimame mbele ya bwana mzee na fimbo yake, amweleze mvua imekosekana wapi, kisha angoje ajibiwe.