Sikio Katika Ukumbi wa Kelele: Fizikia ya Muziki wa Slaji na Graindikoa

Mwanafunzi wa fizikia hufundishwa kuwa sauti ni mtetemo wa hewa, naye hulikariri jambo hilo hata akalijibu vizuri katika mtihani. Wachache, hata hivyo, wamepata kulihakikisha kwa miili yao. Mtu akisimama hatua chache mbele ya spika za bendi ya slaji hana haja ya kukariri tena: shati humtikisika, kifua hutetema, na maji yaliyomo katika bilauri aliyoishika huchora viduara. Katika makala haya tutaingia katika ukumbi huo, tuangalie yanayotokea jukwaani, katikati ya wasikilizaji, na hatimaye ndani ya sikio, ambako ndiko kwenye hatari.

Kwanza tueleze majina. Slaji maana yake ni tope zito, na sehemu ya kwanza ya neno graindikoa maana yake ni kusaga. Muziki wa slaji ni wa taratibu na mzito. Miongoni mwa walioanza kuupiga ni kundi la Melvins, lililoundwa mwaka 1983 katika jimbo la Washington, Marekani, na Eyehategod la New Orleans, lililoundwa mwaka 1988. Graindikoa ni kinyume chake kwa mwendo. Ilikomaa Uingereza, hasa kwa kundi la Napalm Death, lililokuwa likipiga katika baa ya The Mermaid, mtaa wa Sparkhill, Birmingham. Katika albamu yao ya mwaka 1987 iitwayo Scum umo wimbo wa sekunde 1.316 tu, mfupi kuliko muda wa kuusoma mstari huu. Nairobi nayo imechangia: albamu ya mwaka 2020 ya wasanii wawili wajiitao Duma, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ilichanganya mbio hizo na kelele za mitambo ya umeme.

Sasa tutazame gita. Uzi wake mnene, ukikazwa kwa kawaida, hutetema kama mara 82 kwa sekunde. Wapigaji wa slaji huulegeza, wengine hadi mitetemo 55. Kwa kuwa mitetemo ya uzi hulingana na kipeuo cha pili cha mkazo wake, uzi uleule ungebakiwa na chini ya nusu ya mkazo wa awali, nao ungelegea na kugongagonga shingo ya gita. Ndiyo sababu wapigaji hao hununua nyuzi nene zaidi.

Kisha huja kipaza sauti. Katika muziki mwingine fundi hujitahidi kisipotoshe sauti. Hapa hulazimishwa kupita uwezo wake, vilele vya wimbi vikakatwa kama majani kwa fyekeo. Wimbi lililokatwa vilele halibaki na sauti moja, bali huzaa nyingine nyingi juu yake. Tena, noti mbili zikipotoshwa pamoja huzaa sauti ambayo mitetemo yake ni tofauti ya hizo mbili. Mpigaji akipiga mitetemo 110 na 165 kwa pamoja, tofauti ni 55, nayo ni noti iliyo oktavo moja chini ya ile ya 110. Yaani msikilizaji husikia besi ambayo hakuna uzi ulioipiga!

Kwa upande wa graindikoa, ajabu iko katika ngoma. Mapigo 200 kwa dakika, kila moja likigawanywa mara nne, ni vishindo 13 hivi kwa sekunde. Vishindo vikifika kama 20 kwa sekunde, sikio huanza kushindwa kuvitenganisha, likasikia mvumo mmoja. Mpiga ngoma basi anacheza karibu kabisa na mpaka huo. Ukumbi wa kuta za saruji tupu, ambamo mwangwi hudumu sekunde moja au zaidi, humvusha mpaka asipende: kishindo cha kwanza hakijafa, kumi na viwili vimekwisha kukifuata. Kwa maoni yangu slaji huustahimili ukumbi wa namna hiyo kuliko graindikoa, ambayo yafaa chumba kidogo kilichojaa watu, kwa kuwa miili na nguo hufyonza sauti.

Watu hao nao wana fizikia yao. Mbele ya jukwaa vijana hugongana na kusukumana ovyo. Mwaka 2013 Jesse Silverberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha uchunguzi wa picha za video za mikusanyiko ya namna hiyo. Waliona kwamba mgawanyo wa kasi za watu ulifanana na wa molekuli za gesi. Mwalimu anayefundisha nadharia ya mwendo wa molekuli asingepata mfano ulio hai kuliko huo.

Tufike sikioni. Desibeli si kipimo cha kujumlisha kama kilo za sukari. Kila desibeli 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti huzidishwa mara kumi. Kila desibeli 3, huwa maradufu. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Katika desibeli 100, kiwango ambacho maonyesho mengi ya muziki huu hukifikia na kukipita, nguvu ni mara 10,000 ya hiyo. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini hupendekeza mtu asikae katika desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda upunguzwe kwa nusu. Kwa hesabu hiyo desibeli 100 zina ruhusa ya dakika 15. Onyesho la saa mbili ni posho ya siku nane, iliyotumika kwa usiku mmoja. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kumbi zisipite wastani wa desibeli 100 katika dakika 15 zozote.

Ndani ya koklea, kiungo chenye umbo la konokono, kuna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000, zinazogeuza mtetemo kuwa ishara za neva. Zikifa hazioti tena. Zinazotangulia kuumia ni hasa zile zinazosikia mitetemo ya karibu 4,000 kwa sekunde, ambayo husaidia kutofautisha herufi nyembamba. Mwanafunzi aliyeumia hapo husikia kwamba mwalimu anasema, lakini hajui kama ametaja thamani au samani. Naye hudhaniwa mzembe.

Uvumi masikioni baada ya onyesho, ambao kwa kawaida huisha kesho yake, wengi huuchukulia kuwa ushahidi wa kupona. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman waliwaweka panya katika kelele ya desibeli 100 kwa saa mbili. Usikivu wao ulirudi, lakini karibu nusu ya maungio ya neva katika sehemu ya koklea yalikuwa yamepotea moja kwa moja. Panya si mtu, na utafiti kwa binadamu ungali ukiendelea. Hata hivyo hapana sababu ya kuutumaini uvumi uliokwisha.

Kinga haina gharama kubwa. Vizibo vya sponji vikiingizwa barabara hupunguza kama desibeli 20, yaani huacha sehemu moja ya mia ya nguvu. Pamba haitoshi. Kusogea nyuma kwasaidia hasa uwanjani, ambapo kila umbali ukiwa maradufu desibeli 6 hupungua. Ukumbini kuta huirudisha sauti.

Zoezi: spika za kukodi katika dansi ya shule zinatoa desibeli 106 umbali wa meta 2, uwanjani. Kwa kanuni zilizotajwa, mwanafunzi aweza kukaa hapo kwa dakika ngapi? Je, akisogea hadi meta 16? Walimu wawaachie wanafunzi wapate jibu la kwanza, dakika 3 na sekunde 45, kabla ya kuwaambia kwamba wimbo mmoja wa dansi hupita muda huo.